Mkuu wa shule apanda miti 200

Nilikuwa kidato cha tatu klabu yetu ya uandishi wa habari ilipokwenda kwenye kongamano la wanahabari wanafunzi. Mashindano yalikuwa ya kila namna: habari, tahariri, picha, katuni, kusoma taarifa. Mimi nilijiandikisha kwenye vichwa vya habari kwa sababu washindani walikuwa wachache. Sina haja ya kudanganya.

Asubuhi zilikuwa warsha. Ile ya mahojiano siikumbuki, nadhani nilisinzia. Ya vichwa vya habari ninayo mpaka leo. Aliiendesha mhariri mzee mwenye sauti ya kukwaruza. Aliandika ubaoni "Mbunge amejiuzulu", kisha kwa kidole akaufuta ule "me". Ikabaki "Mbunge ajiuzulu". Akatuambia kwamba neno letu moja hubeba mtenda, wakati na tendo, ndiyo maana huwa refu, na safu ya gazeti haina huruma. Herufi mbili ukizipata, zishike. Usikate neno mwishoni mwa mstari, usijibunie vifupisho. Na ukimaliza, msomee mtu ambaye hajaisoma habari yenyewe.

Hilo la mwisho nililiandika daftarini, nikalipigia na mstari.

Mchana tukapewa habari sita na dakika arobaini. Ya nne ilihusu mkuu wa shule aliyeongoza wanafunzi kupanda miti 200 kuzunguka uwanja. Nafasi: mistari miwili, kila mmoja usizidi herufi 15, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa. Nikaandika:

Mkuu wa shule
apanda miti 200

Nikahesabu mstari wa pili kwa ncha ya kalamu. Kumi na tano kamili! Niliona raha ya fundi aliyepachika mlango ukaingia bila kurandwa tena. Kumsomea mtu? Nani ana muda huo.

Jioni karatasi zikarudishwa. Pembeni mwa kichwa changu, jaji alikuwa amechora mti, na juu yake mtu mwenye tai, amekumbatia tawi. Chini aliandika: "Mwanangu, alishuka salama?"

Nilikitazama kile kichwa kama mara tatu hivi ndipo nikamwona mkuu mwenyewe akiparamia.

Aliyeshinda aliandika "Shule yapata / miti mipya 200". Sikukubali moyoni, na hata sasa nina kinyongo kidogo. "Yapata" ni kama miti ilianguka kutoka mbinguni. Waliochimba mashimo hawaonekani. Lakini hakuna aliyechorewa katuni kwa ajili yake.

Kosa langu lilikuwa kumwonyesha mwenzangu ile karatasi kabla hatujaondoka. Njia nzima ya kurudi, basi lilipopita mti wowote mkubwa, mtu alipaza sauti kutoka viti vya nyuma: "Wa mia na tisini na saba!" Na mwalimu wetu mlezi, kule mbele, bila kugeuka, akajibu: "Bado mitatu."