Nukta mwisho wa jina

Mwaka ule mvua ziliwahi Mbeya, Novemba haijafika katikati na pale Uyole, kwenye duka la pembejeo walikoniita nirekebishe sistimu ya kompyuta inayotunza majina ya wakulima na madeni yao, foleni ya wakulima wa viazi imefika barabarani. Duka lilikuwa linakopesha mbolea, unabeba DAP sasa hivi unalipa ukishavuna. Nimekaa na dada wa kaunta mara kaingia mama mmoja na koti lake zito, kafura kweli kweli. "Mwanangu, mimi nilichukua mifuko miwili, hii minne mnayonidai kaila nani?"

Dada akafungua skrini, kumbe kuna mama mwingine wa jina lile lile mpaka la ukoo, kijiji kile kile. Sasa aliyetengeneza ile sistimu, ambaye alishahamia Dar zamani, alifanya praimari kii, yaani kitu cha kumtambulishia kila mkulima kwenye mashine, iwe jina pamoja na kijiji. Praimari kii haikubali kujirudia, kwa hiyo mama wa pili alipokuja kusajiliwa mashine ikagoma, na dada na foleni yake ile akaona isiwe tabu, akaweka nukta mwisho wa jina. Ikakubali! Basi ikawa ndo mtindo, wenye nukta wakawa wengi, kuna wenye nukta mbili, kuna walioongezewa h, na siku ukisahau kuandika hiyo nukta deni linaenda kwa jirani. La yule mama tulilimaliza kwa kitabu cha risiti za karboni, mifuko miwili kweli.

Kilichonikuna kichwa ni tebo, yaani jedwali, ya mikopo. Foreni kii, ile kanuni inayodai kila mkopo uwe wa mkulima aliyesajiliwa, imeandikwa vizuri tu kwenye faili la kutengenezea tebo, lakini ukitaka kumkopesha mtu ambaye kwenye tebo ya wakulima hayupo, inakuruhusu. Nikahangaika weee mpaka nilipoona tebo zote ni za MyISAM, injini ya zamani ya kuhifadhia data ndani ya MySQL, programu ya databesi ya pale dukani. Hiyo inausoma mstari wa foreni kii bila kulalamika halafu inaupotezea. MySQL yenyewe ilishahamia InnoDB, injini inayozisimamia foreni kii kweli, toka toleo la 5.5 mwaka 2010, ila databesi hii ilibebwa kutoka kwenye mashine ya zamani ikaja na tabia zake.

Nikamwambia mzee mwenye duka kila mkulima apewe namba isiyo na maana yoyote, inayojiongeza yenyewe. Akauliza si tutumie namba ya simu tu, mama hata hajaondoka akadakia, "Ipi sasa mzee? Ile ya mwanzo kijana wangu kaondoka nayo Tunduma." Kesi imeisha. Ya NIDA nayo ina tarakimu 20 na wengine walikuwa hawajapata, hiyo nikaiwekea yuniki, yaani isijirudie kwa watu wawili, maana MySQL haigombi hata wasio nayo wakiwa mia.

Nilipogeuza tebo kuwa InnoDB na kufunga foreni kii upya, mikopo ya mkulima mmoja ikaanza kufunguka fasta, dada akadhani nimenunua kompyuta mpya. Hapana, InnoDB ikifunga foreni kii inajitengenezea indeksi, kama ile faharasa ya nyuma ya kitabu, kwenye hiyo kolamu (PostgreSQL, databesi nyingine, haikufanyii, unaweka mwenyewe), kwa hiyo haipitii tena mikopo yote mmoja mmoja.

Kutafuta kwa jina la ukoo ndo kulikataa. Niliweka indeksi, dada akaandika "Mwa", ikajikokota vile vile. Jamani, Mbeya hii! Nusu ya tebo inaanza na Mwa, MySQL ikiona hivyo inaiacha indeksi inasoma tebo yote, na kwa kweli ina haki. Nikabadilisha, indeksi moja ya kijiji kwanza halafu jina, dada anachagua kijiji ndo anaandika. Ukianza na jina kijiji kikafuata haisaidii sana, kianze kile unachokitaja kizima, halafu ndo lifuate jina unaloandika herufi za mwanzo tu.

Mzee alivyoona kasi akanogewa, "Basi weka hizo indeksi kila mahali." Nikakataa, kila mkopo unaoingia unabidi uandikwe kwenye tebo na kwenye kila indeksi, na msimu wa mbolea ni kuingiza tu kutwa nzima. Nikafuta hata mbili za zamani ambazo hazikuwa na kazi. Akanisikiliza vizuri kabisa, akatikisa kichwa, halafu akauliza kama umepunguza, na bei si inapungua?