Kununua mashua Lamu huku makazi yako ni Portsmouth

Huku Uingereza mashua ndogo kuukuu za tanga zimejaa tele. Faibaglasi haiozi, kwa hiyo vyombo vilivyoundwa miaka ya 1970 bado vinaelea, na wenyewe wakichoka kulipia maegesho kila mwaka huviuza kwa bei ya kutupa. Mimi nilijifunzia kwenye Wayfarer, chombo cha karibu mita 4.8 alichokichora Ian Proctor mwaka 1957. Ndiyo, mtoto wa Mkomani amefundishwa tanga na Waingereza. Watu wakisikia Lamu hudhani tunazaliwa na demani, kamba ya tanga, mkononi. Kwetu baba alikuwa na duka la vitambaa, na bahari tuliivuka kwa kulipa nauli.

Rafiki zangu walinishauri ninunue hukuhuku. Sikutaka. Baridi ya maji ya hapa siiwezi, na hamu yangu ilikuwa kuwapeleka wanangu kwenye magofu ya Takwa, kisiwani Manda, tuingie ule mkono wa bahari wenye mikoko maji yakijaa, tutoke kabla hayajapwa. Basi likizo iliyopita nikaenda kutafuta chombo nyumbani.

Elimu ya Wayfarer ilinifaa nusu. Tanga letu halina boriti chini. Linaning'inia kwenye foromali, yaani mti unaobeba tanga juu ya mlingoti, na ukitaka kugeuza sawasawa huna budi kuipitisha foromali upande wa pili wa mlingoti, kazi inayotaka watu wanaoelewana. Uzito wa kusawazisha chombo nao ni viroba vya mchanga, vinahamishwa upande wa joshi, unakotoka upepo, kila mnapogeuka. Ndiyo maana mwanafunzi achukue chombo ambacho watu wawili wanakimudu, hata kama kile kikubwa cha jirani yake kinauzwa kwa bei ileile. Nilionyeshwa kimoja Shela, kizuri ajabu, mlingoti umenyooka. Nikakiacha.

Ukaguzi ulifanywa na mjomba, baharia wa zamani wa majahazi. Mimi nilishika taa tu. Chombo cha kwanza kule Matondoni kilikuwa kinang'aa buluu na nyeupe. Mjomba akakizunguka, akasema, "Rangi hii imepakwa kwa ajili yako, mwanangu." Akatoa kisu, akadunga ncha kwenye mkuku, uti wa chini wa chombo, kisha pale mataruma, mbavu zake, yanapokutana na mbao, kisha chini ya mguu wa mlingoti ambapo maji ya mvua hutuama. Mti mzima huikataa ncha. Pale iliingia bila kusukumwa.

Cha pili kilikuwa na rangi iliyobabuka na harufu ya samaki, na hicho ndicho alichokipenda. Kutu ilichuruzika kwenye misumari michache tu, na pamba ya kalafati, ile inayoziba nafasi kati ya mbao, ilikuwa bado imeshika. Hata hivyo hakutaja bei. Alimwomba mwenyewe akaushe ngama, sehemu ya chini ndani yanakokusanyika maji, chombo kilale majini, turudi alfajiri. Tulikuta maji ya kuchota kwa kopo, si kwa ndoo. "Chombo cha mbao kisichovuja kabisa sijapata kukiona, Mzee," alimwambia muuzaji, wakacheka, na hapo ndipo mazungumzo ya pesa yalipoanza.

Baada ya hapo nikafuatilia leseni na ukaguzi wa Mamlaka ya Bahari Kenya, na jaketi za kuokolea. Hizo usinunue zilizotumika.

Sasa jambo ambalo sisi wa ughaibuni hatulipigii hesabu. Gari ukiliacha kwa mjomba mwaka mzima utalikuta na vumbi na betri iliyokufa. Mashua ya mbao haingoji hivyo. Ukiipandisha pwani ikakaa juani, mbao hukauka, husinyaa, na kalafati hulegea. Ukiiacha majini bila kuiangalia, funza wa baharini huitoboa, na kwa nje huoni kitu. Lazima ipandishwe mara kwa mara wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, maji yakipwa isuguliwe, ichomwe kwa moto wa makuti, ipakwe deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa, irudi majini. Kazi hiyo haifanyiki kwa simu. Kwa hiyo kabla ya kutafuta chombo nilitafuta mtu, na kama nisingempata nisingenunua.

Nimempata binamu yangu. Yeye anavua nayo kaskazi na kusi, samaki ni wake, na kwa upande wake chombo kisikose deheni. Mbao na misumari ni juu yangu, nami hutuma pesa moja kwa moja kwa fundi, si kwa binamu. Aliponuna, shangazi alimwambia kwamba undugu hauzuii risiti.

Kilichobaki ni tanga. La zamani limeliwa na jua hadi ukilivuta linachanika. Binamu anataka turubai kwa sababu ni rahisi na halinyonyi maji. Mjomba anasisitiza kitambaa cha pamba, kwamba kinakaa vizuri upepo ukiwa mdogo. Mimi nauliza bei ya poliesta huku Portsmouth, na vipimo vya foromali bado sijatumiwa.