Mdomo wa Kabati

Spika ya AR-3a, ya kampuni ya Acoustic Research, ina upana wa sentimita 35.6, na mdomo wa kabati ulikuwa sentimita 36. Kwenye karatasi inaingia. Pale kabatini hata ukucha haukupita ubavuni.

Kosa lilitoka kwenye vipimo tulivyompa seremala. Tulipima ndani, tukapata 40, tukasahau kwamba fremu ya mbele inakula sentimita 2 kila upande. Kabati la kujengea ukutani hupimwa mdomo kwanza, tumbo baadaye.

Spika zenyewe zilifaa. Zilitoka mwaka 1967, na sanduku lake limezibwa kabisa, halina tundu la hewa nyuma. Spika yenye tundu mgongoni ingelazimika kupumulia ndani ya kabati, na besi yake isingeeleweka. Hizi zilikusudiwa kukaa kwenye rafu, katikati ya vitabu, na ukuta unaozizunguka unaijaza besi. Sharti ni uso wa spika uwe sawa na uso wa fremu. Ukirudi ndani hata sentimita 3, kingo za fremu zinarudisha sauti za juu na mwimbaji anasikika kama amejificha nyuma ya mlango.

Kila moja ina kilo 24. Rafu ya chipubodi ya milimita 18 ilianza kubonyea katikati muziki haujapigwa, ikabidi tuipachike plaiwudi ya unene uleule, gundi uso mzima na skrubu kila sentimita 15. Seremala alitaka kuweka mpira chini ya spika. Tulikataa, maana kilo 24 juu ya mpira hazisukumiki. Tulitumia vipande vya zulia, manyoya yakiangalia chini.

"Sawa fundi, ikishaingia utaitoaje?" akauliza.

Swali hilo ndilo lililotuokoa. Tulichukua mkanda bapa wa begi, tukaupitisha chini ya spika, ukapanda mgongoni, ukarudi mbele kwa juu, ncha zote mbili zikabaki nje. Waya wa milimita mraba 2.5 tuliuachia ziada ya sentimita 60, ili spika itoke nzima bila kufunguliwa kitu.

Tulipowasha, besi ilishuka vizuri, lakini mtangazaji mwanamume alivuma kama yuko ndani ya pipa. Tukapiga mlio mmoja mmoja kutoka Hz 40 kwenda juu, mkono ukiwa ubavuni mwa kabati. Kwenye Hz 90 hivi kabati zima lilitetemeka. Nyuma ya spika kulibaki nafasi ya sentimita 9, na juu yake upenyo wa sentimita 6. Hewa ya nyuma ilikuwa chupa, ule upenyo ukawa shingo yake, na spika ndiyo iliyokuwa ikiipuliza. Tulijaza kote pamba ya mawe, ile ya kuzuia joto darini, tukaifunga kwa kitambaa chepesi cheusi isimwage nyuzi. Mvumo ukakatika. Vigingi viwili vya rafu ya juu viliendelea kucheza, navyo tukavizungushia utepe.

Kisha tukagundua kwamba twita ya kulia, ile spika ndogo ya sauti za juu, ipo kimya.

Nyuma ya AR-3a kuna skrubu tatu za waya: 1, 2 na T. Waya za amplifaya zinakwenda 1 na 2, na kipande kidogo cha chuma kinaunganisha 2 na T. Kikilegea, twita inakufa. Tukavuta mkanda, spika ikateleza nje, tukakikuta kimekaza sawasawa. Tatizo lilikuwa vizungushio viwili vya kiwango cha sauti, navyo viko mgongoni. Ndani yake kibao cha chuma husugua koili ya waya, na miaka imeviotesha kutu ya kijani. Kuvizungusha mara kumi na tano kunarudisha sauti kwa siku chache tu.

Njia ya kuvifikia inapita kwenye tundu la spika ya besi. Tulivaa glavu na barakoa, tukatoa nyuzi za kioo zote zilizojaza sanduku na kuziweka kwenye mfuko mmoja, maana zikirudi pungufu besi inabadilika. Vizungushio tulivifungua, tukasugua mgusano kwa msasa laini sana na kuosha kwa dawa ya kusafishia vifaa vya umeme. Mastiki ya zamani, ule ulimbo wa kuziba hewa, chini ya ukingo wa spika ya besi ilikuwa imekauka kama udongo, tukaweka mpya. Koni, ile sehemu ya spika ya besi inayotetemeka, ikisukumwa taratibu kwa vidole inatakiwa irudi polepole. Ikirudi haraka, hewa inavuja. Ya kulia ilirudi polepole. Ya kushoto ilituchukua mkupuo wa pili.

Ikabaki kupanga kiwango cha twita. Nje ya kabati hakipangiki, kwa sababu besi inaongezeka ikishaingia. Basi ikawa kusukuma, kusikiliza, kuvuta mkanda, kuzungusha kidogo, kusukuma tena. Safari ya nne ndiyo iliyokubali. Tukaweka alama ya penseli kwenye kila kizungushio, na ncha za mkanda tukazikunja nyuma ya kitambaa cha mbele.