Nilivyoratibu mradi wa softwea wa nchi sita za Ulaya bila kuwa bosi wa mtu

Mdogo wangu anafundisha chuo hapo Dar, juzi kanipigia, dada tumealikwa kwenye mradi wa Ulaya ila makaratasi yake yanatisha, hii kitu inaendaje? Nikamwambia kwa simu hatutamaliza, acha niandike, na wengine wenye swali hilo hilo wapate.

Mimi naishi Uholanzi, na mwaka 2018 nilikabidhiwa kuratibu mradi mmoja chini ya Horizon 2020, ule mpango mkubwa wa utafiti wa Umoja wa Ulaya ulioanza 2014 ukaisha 2020. Tulikuwa washirika tisa kutoka nchi sita, vyuo na makampuni, miezi 36. Kazi yenyewe programu ya kufuatilia mashine za kiwandani, mashine ikianza kupata joto kupita kiasi fundi ajue mapema kabla haijaungua. Aliyeandika maombi alihama kazi wiki chache kabla hatujaanza, kwa hiyo niliurithi mradi ukiwa umeshapangwa wote.

Jambo nililochelewa kulielewa ni kwamba mratibu sio bosi. Hela ya kuanzia inaingia kwako unawagawia wenzio, ripoti unatuma wewe, kukiwa na swali unaulizwa wewe, lakini programa, yaani mwandishi wa programu, aliyeko Finland ana bosi wake Finland na wa Ujerumani ana wake, wewe huna cha kumfanya. Miezi ya mwanzo nilikuwa nasimamia kwa barua pepe, naandika ndefu, maelekezo yote yamo, nawatumia watu ishirini kwa mpigo, halafu kimya. Kila mmoja anajua mwenzake atajibu.

Kilichonibadilisha ni tukio la Aprili 2019. Tulikuwa tunajiandaa na jaribio la kwanza la kuunganisha, data inatoka kwenye mashine Finland inaingia kwenye seva Ujerumani. Machi nzima inapita vizuri. Jumatatu ya tarehe 1 Aprili seva ikaanza kutupa kila kitu kinachotoka Finland, inasema data batili. Wajerumani wakaandika data yenu mbovu, Wafini wakajibu seva yenu mbovu sisi hatujagusa kitu, Wajerumani nao hatujagusa kitu, mabosi wakaingia, na barua pepe zilivyozidi kuwa za adabu nikajua watu wamekasirika kweli. Wiki nzima imepita.

Nikaacha kuandika. Nikawapigia wale maprograma wawili tu, bila mabosi, nikasema tufungue skrini tuangalie mstari mmoja, mmoja tu. Ujumbe umepokewa 10:14, lakini wenyewe ndani unasema umetumwa 11:14. Yaani umefika saa nzima kabla haujatumwa! Sasa sisi tuliokulia kwenye Kiswahili tumezoea, mtu akikwambia saa mbili unamuuliza saa mbili yetu au ya kizungu, usipouliza utakuja kumkosa. Swali likanitoka hivyo hivyo: hii saa ni ya wapi? Yule wa Finland akanyamaza kidogo, akafungua msimbo wake, tukaona wote. Wakati wa baridi saa ya Finland iko mbele ya saa ya dunia (UTC, ile saa ya rejea ya nchi zote) kwa masaa mawili, na yeye ili kuipata hiyo alikuwa ameandika toa mbili, kwa mkono. Jumapili ya tarehe 31 Machi nchi za Umoja wa Ulaya zikasogeza saa mbele kwa ajili ya majira ya joto, Finland ikawa mbele kwa matatu, programu bado inatoa mbili. Ni kweli hakuna aliyegusa kitu, iliyosogea ni saa. Kurekebisha hakukufika hata dakika kumi.

Baada ya hapo nikaweka utaratibu, kila mwezi Alhamisi ya pili tunaunganisha vipande vyote hata kama vimeishia nusu, wanakaa maprograma tu, hakuna slaidi. Mpango ulioandikwa ulisema kuunganisha ni mwezi wa 24 na kuna bosi mmoja alilalamika haiko kwenye mpango, nikamwambia haijakatazwa pia. Kwa maoni yangu hicho ndicho kiliuokoa mradi kuliko kikao chochote, maana makosa tuliyaona yakiwa madogo na watu wakazoeana, ikafika mahali Mfini anampigia Mjerumani moja kwa moja mimi nasikia baadaye.

Upande wa hela nako nusura. Kipindi cha kwanza kiliisha 30 Juni, ripoti inatakiwa ndani ya siku 60, hesabu mwenyewe, ni mwisho wa Agosti, mwezi ambao Italia, Hispania na Ufaransa watu wako baharini. Kila mshirika lazima hesabu zake zisainiwe kwenye mfumo na mtu aliyesajiliwa. Tarehe 12 Agosti nikagundua mmoja wa washirika, kampuni ndogo, ana msaini mmoja tu na yuko likizo mpaka Septemba. Nilipiga simu siku tatu mpaka nikampata yule mwenye mamlaka ya kuteua wasaini kwenye taasisi yao, akaongeza wa pili, tukatuma tarehe 27. Tungeweza kutuma bila wao, ila gharama zao zingehesabiwa sifuri kwa kipindi kile wangesubiri kipindi kinachofuata, na ile kampuni ndogo isingestahimili.

Sasa mdogo wangu, Horizon Europe, mpango uliofuata baada ya Horizon 2020 unaoenda mpaka 2027, inaruhusu taasisi za Tanzania kupokea hela, Kenya na Uganda pia, kwa hiyo msiingie kama wageni waalikwa. Kwenye makubaliano ya washirika andikeni programu mnayokuja nayo, ni yenu na ina leseni gani, kabla haijachanganywa na ya wengine. Taimshiti, ile fomu ya masaa uliyoyafanyia mradi, ijazwe kila mwezi, isainiwe na mkuu wako, usije ukakaa kukumbuka ya mwaka mzima. Muulize mhasibu kama chuo kinaweza kutanguliza hela, manake kwetu asilimia 10 ya hela ya mradi ilibaki mpaka ripoti ya mwisho ikubaliwe. Na nikikupigia Jumapili nataka majina ya wasaini wawili, sio mmoja.