Paka Hafungi

Paka wetu Manjano hakupelekwa kwa daktari wa mifugo kwa ajili ya unene. Alipelekwa kwa ajili ya manyoya. Kiunoni, juu kidogo ya mkia, yalikuwa yamesokotana mafundo mafundo kama singa za mkonge zilizolowa, na chini yake ngozi inatoa mba. Shangazi alishuku viroboto. Daktari akapitisha vidole ubavuni, akabonyeza, akatafuta mbavu kama mtu anayetafuta kokwa ndani ya embe dodo, asizipate.

"Huyu ngozi yake nzima," akasema. "Ila mgongo wake haufikii. Hawezi kujilamba."

Hiyo ilikuwa Tanga, Februari 2021. Mizani ilisoma kilo 7.4. Kwa umbo na mifupa yake, Manjano alitakiwa awe na kilo 5 hivi. Madaktari hutumia kipimo cha 1 hadi 9, ambapo 5 ndiyo sawa: mbavu unazigusa kwa urahisi bila kuziona, na ukimtazama paka kwa juu unaona kiuno. Manjano alipewa 9. Alikuwa amehasiwa, na paka aliyehasiwa mahitaji yake hupungua huku hamu ya kula ikiongezeka. Bakuli likibaki lilelile, mafuta yanajilimbikiza taratibu na nyumba nzima inasema paka "amenawiri".

Shangazi aliuliza swali ambalo kila mtu angeuliza: basi tumfungishe siku mbili tatu?

Daktari alitua kalamu. Paka hafungi, alieleza, na paka mnene ndiye hafungi kabisa. Asipokula, mwili unayaachia mafuta yake mengi kwa mpigo, yanakimbilia kwenye ini, na ini la paka halina uwezo wa kuyashughulikia kwa kasi hiyo. Linajaa mafuta. Likijaa, paka anapata kichefuchefu, anazidi kukataa chakula, na mafuta yanazidi kumiminika kwenye ini. Siku mbili hadi tatu bila kula zinatosha kuanzisha balaa hilo, na matibabu yake mara nyingi ni kulishwa kwa mpira wa kupitishia chakula wiki kadhaa. Dalili ni kutapika, kudondoka mate, kuzubaa, na fizi au ndani ya masikio kugeuka rangi. "Manjano niyaone kwenye manyoya tu," alisema, "sio kwenye fizi."

Kisha akapiga hesabu nyuma ya kadi ya chanjo. Unachukua uzito unaoutaka, sio ulio nao: kilo 5. Uzito huo unaupandisha kwa kipeo cha 0.75, unazidisha mara 70, unapata kilokalori 234 kwa siku. Wa kupunguza anapewa asilimia 80 ya hizo, yaani 187. Hapa ndipo wengi hujikwaa, kwa sababu jedwali la kwenye mfuko wa chakula limepangwa kwa uzito, na mwenye paka wa kilo 7 husoma mstari wa kilo 7. Mstari huo ni wa kumtunza paka abaki na kilo 7.

Chakula chenyewe kilibadilishwa. Kuchukua chakula cha kawaida na kukikata nusu si njia nzuri: unapunguza nishati, lakini unapunguza pia protini, vitamini na taurini (kirutubisho cha lazima kwa paka), na paka anakonda msuli badala ya mafuta. Tulichoandikiwa kilikuwa cha punje kavu zenye protini nyingi, kilokalori 340 kwa gramu 100. Gramu 50 kwa siku ni kilokalori 170. Zilizobaki 17 zilikuwa za kitoweo: gramu 15 za samaki mweupe aliyechemshwa bila chumvi, asiye na miba. Vya pembeni visizidi sehemu moja ya kumi ya siku.

Na maziwa? Shangazi alikuwa akimpa vikombe viwili vidogo vya kahawa, asubuhi na jioni. Vikijumlishwa ni mililita 125 hivi, karibu kilokalori 80. Kwa paka wa posho ya 187 hicho si kinywaji tena, ni mlo mzima. Isitoshe paka wengi wakubwa hawaimudu sukari ya maziwa, na huharisha. Yakaondolewa. Maji yakawekwa mahali pawili, mbali na bakuli la chakula.

Kosa la kwanza lilifanyika asubuhi ya pili. Bakuli la zamani liliondolewa, jipya likawekwa, lote la chakula kipya. Manjano alinusa, akafukia kwa mguu kama anafukia uchafu, akaondoka. Jioni vilevile. Kesho yake asubuhi vilevile. "Njaa itamfunza," alisema Shangazi, na kwa mbuzi au kwa mtoto mdeko huenda ingemfunza kweli. Kwa paka huyu ilikuwa imebaki hatua chache kufika kule alikoonya daktari. Simu ikapigwa, na jibu likawa fupi: rudisheni chakula cha zamani sasa hivi, ale kwanza, mengine baadaye.

Alikula. Tukaanza upya kwa siku 10: robo ya chakula kipya kwa siku tatu, nusu kwa siku tatu, robo tatu kwa siku tatu, ya kumi kipya kitupu. Punje zikinyunyiziwa kijiko cha supu ya samaki ya vuguvugu, isiyo na chumvi, kitunguu wala kitunguu saumu (hivyo viwili huharibu chembe nyekundu za damu ya paka), harufu inapanda na ubishi unapungua. Kanuni tuliyopewa ni kwamba akila chini ya nusu ya posho kwa siku, piga simu. Akipitisha saa 24 bila kula kitu, usisubiri.

Kosa la pili lilikuwa kipimo. Mwanzoni posho ilipimwa kwa kopo dogo la plastiki. Kopo lilelile, mkono wa Shangazi likitoka limerundika, mkono wangu likitoka sawasawa. Tofauti ilikuwa gramu 8. Kwa chakula hiki gramu 8 ni kilokalori 27, na zikijirudia kila siku zinameza zaidi ya nusu ya punguzo lote tulilopangiwa, kwa kuwa kati ya 234 na 187 kuna 47 tu. Ikanunuliwa mizani ndogo ya jikoni. Kila usiku gramu 50 za kesho zilipimwa mara moja, zikawekwa kwenye kopo lenye mfuniko, na yeyote aliyemlisha alichota humo. Kopo likiisha, siku imeisha.

Milo ikawa minne. Wa mwisho, gramu 10, uliwekwa saa nne usiku, la sivyo saa kumi alfajiri alikuwa akilia mlangoni mpaka jirani wa pili anaamka. Punje za mchana zilitawanywa kwenye trei ya mayai, moja moja katika kila shimo, azitoe kwa kucha. Mlo uliokuwa ukiisha kwa dakika moja ukawa wa robo saa.

Kumpima ilikuwa shughuli. Mizani ya bafuni, ya kumpakata ukapima kisha ukajitoa mwenyewe, inakosea gramu 100 au 200 bila aibu, na sisi tulitafuta mabadiliko ya gramu 70. Kasi salama ya kupungua ni asilimia 0.5 hadi 2 ya uzito kwa wiki. Kwa kilo 7.4 ni kati ya gramu 37 na 148. Tuliazima mizani ya kuning'iniza ya dijitali, kama ile ya wauza samaki, tukamtia Manjano kwenye kikapu cha ukindu, tukakitundika kwenye ndoano ya mlangoni. Kikapu peke yake gramu 420. Kila Ijumaa kabla ya chakula cha asubuhi, namba ikaandikwa ukutani kwa penseli.

Wiki ya tisa ukuta ulisoma 6.84. Kisha, katikati ya Aprili, Ramadhani ikaingia, na ukuta ukaanza kusoma mambo mengine: 6.86, wiki iliyofuata 6.88. Posho haikubadilika hata punje. Mizani ilipimiwa kilo ya sukari, ikawa sawa.

Jibu lilikuwa ng'ambo ya uchochoro. Jirani alikuwa akikaanga vibua vya futari kuanzia alasiri, na nyumba nzima ikiwa imefunga, aliyekuwa na nafasi ya kuonja alikuwa Manjano. Vichwa, mapezi, ngozi iliyokauka kwa mafuta. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ni kama kilokalori 40, na ngozi ya samaki wa kukaanga inayanywa kama sifongo. Nyumba ya tatu alipata mabaki ya tambi.

Kumfungia ndani hakukuwezekana, nyumba za mtaa wetu wa Ngamiani milango haifungwi mchana. Kumkataza jirani kungekuwa ufedhuli, maana yule mama alikuwa akimlisha kwa mapenzi na kwa thawabu. Shangazi alivuka na kikopo cha filamu ya kamera.

"Jirani yangu, Manjano mgonjwa. Daktari kamwandikia dawa, hii hapa. Akija kwako mpe hizi, lakini nyingine usimpe."

Ndani mlikuwa na gramu 10 za punje, zilizotolewa kwenye zilezile 50. Nyumba ya tatu ikapata gramu 5. Neno "dawa" lilifanya kazi ambayo neno "unene" lisingefanya hata kwa mwaka. Jirani akawa mkali kuliko sisi, akifukuza watoto waliomrushia mifupa. Wiki mbili baadaye penseli iliandika 6.79, na kuanzia hapo ikashuka kwa gramu 60 au 70 kila Ijumaa, isipokuwa wiki ya Idi, ambayo hakuna aliyeihesabu.

Mwezi wa Julai alianza tena kujilamba mgongo. Aliketi barazani, mguu mmoja umeelekezwa angani, ulimi ukifika mpaka kwenye shina la mkia, anasimama kidogo kupumua, anaendelea. Pale mafundo yalipokatwa kwa mkasi Februari palikuwa pameota manyoya mapya, laini, ya rangi ya bizari.

Wiki ya 31 aliruka kutoka sakafuni hadi kwenye meza, kutoka kwenye meza hadi rafu ya juu jikoni, mahali ambapo kwa miaka minne hapakuhitaji kufunikwa kitu. Akaangusha kopo la dagaa. Ijumaa ile kikapu kilisoma kilo 5.74, gramu 40 juu ya wiki iliyotangulia, na Shangazi akatuma mtoto dukani akanunue kopo la mfuniko wa kuzungusha.