Kadi ya Muda na Nati za Magurudumu: Siku Nzima Ndani ya Rali

Ukaguzi wa gari letu la rali ulianza kabla jua halijapanda, na mkaguzi hakugusa injini kwanza. Alianza na mikanda: akasoma tarehe ya mwisho ya matumizi kwenye lebo, kisha akavuta kila mkanda pale ulipofungwa kwenye bodi. Akauliza visu vya kukatia mkanda. Viwe viwili, na dereva na mwelekezi, yule anayekaa kando na kumsomea njia, kila mmoja aweze kukifikia chake akiwa amefungwa kitini. Kisu kilichowekwa nyuma ya kiti hakina maana. Akatikisa kizima moto kuona kama kimekazwa. Mwisho akafungua buti, akavuta jeki, spana ya magurudumu na tairi la akiba kimoja kimoja. Gari likibingirika, jeki iliyolegea hurushwa kama jiwe mahali penye vichwa viwili vya watu.

Noti, yaani maelezo ya kila kona, tulikuwa tumeziandika siku iliyotangulia, kwa kupita kila mkondo (kipande cha njia ambacho magari hushindania muda) mara mbili kwa mwendo wa kawaida. Mara ya kwanza dereva hutamka na mwelekezi huandika. Mara ya pili mwelekezi husoma na dereva husahihisha. Kona tunazipa namba 1 hadi 6, 1 ikiwa kali kuliko zote. Kulia na kushoto yote huanza na "ku", kwa hiyo kwenye karatasi tunaandika L na S, na ndani ya gari mwelekezi hukazia silabi za mwisho. Mstari mmoja ulisema: "L4, 80, S2 juu ya mgongo, usikate." Yaani kulia namba 4, mita 80, kisha kushoto namba 2 juu ya mwinuko. Hiyo "usikate" (usipite ukingo wa ndani wa kona) ni kwa sababu ya jiwe lililofichwa na majani upande wa ndani wa kona. Anayepita hapo mara moja tu hawezi kuliona. Tunaandika kwa penseli, upande mmoja wa karatasi, na kila ukurasa una namba, maana kugeuza kurasa mbili kwa pamoja kunatosha kuwatoa barabarani.

Kabla ya kuanza tulipima kihesabu kilomita kwenye umbali uliopimwa na waandaaji. Kwenye kilomita 5.00 chetu kilisoma 5.08. Sababu ilikuwa tairi: likilika milimita 5 kwenye nusu kipenyo cha milimita 300, gurudumu huzunguka zaidi kwa umbali uleule, na kosa linafika karibu asilimia 1.7. Baada ya kilomita 40 za maelekezo ya njia, hilo ni zaidi ya mita 600, yaani unatafuta njia panda ambayo bado hujaifikia.

Tuliondoka saa 2:10. Kadi ya muda, inayoandikwa saa katika kila kituo, ilitupa dakika 23 kufika kituo cha kwanza cha muda, kwa hiyo muda wetu ulikuwa 2:33. Watu wengi wapya hupotezea rali hapa, wakiwa hawajakanyaga hata mkondo mmoja. Kibao cha njano chenye saa ndicho mwanzo wa eneo la kituo. Ukikipita huruhusiwi kurudi nyuma. Tuliegesha kabla yake na kuingia eneo hilo ndani ya dakika ya 2:32, jambo ambalo kanuni zinaruhusu. Kadi ndiyo isiyokabidhiwa mpaka saa ya kituo isome 2:33, na nafasi ni mpaka sekunde ya 59. Kwa kanuni za kimataifa, kila dakika ya kuchelewa ni adhabu ya sekunde 10, lakini kila dakika ya kuwahi ni dakika nzima. Kuwahi dakika moja kunagharimu sawa na kuchelewa dakika sita!

Njiani tulisimama mara moja kukaza nati upya kwa spana yenye kipimo. Rimu zilikuwa zimepakwa rangi karibuni, na rangi iliyo kati ya nati na rimu husagika kilomita za mwanzo, nati ikapoteza mkazo wake. Mbili zilizunguka robo nzima.

Mkondo wa kwanza ulipita salama. Wa pili, wenye kilomita 14, ulitutoboa tairi la mbele kushoto zikiwa zimebaki 6. Tulikuwa tumepunguza upepo hadi PSI 24 ili tairi lishike kwenye changarawe, lakini kwenye mawe makali tairi laini hubanwa kati ya jiwe na ukingo wa rimu, likapasuka sehemu mbili sambamba. Ingekuwa imebaki kilomita moja au mbili, tungeendelea hivyohivyo. Kwa 6, vipande vya mpira vingeng'oa bomba la breki. Tulisimama palipo wazi. Mwelekezi akaweka pembetatu nyekundu mita 50 nyuma na kuonyesha kibao cha OK kwa kila gari lililofuata, maana bila kibao hicho wenzetu wangedhani tumeumia. Nati zililegezwa gurudumu likiwa bado chini, kipande cha ubao kikawekwa chini ya jeki kwa sababu udongo ulikuwa laini. Jumla dakika 3 na sekunde 20.

Sevisi, muda uliotengwa wa kutengeneza gari, ilikuwa dakika 20. Turubai chini ya gari, stendi chini ya bodi, magurudumu yote nje. Shika gurudumu juu na chini ukilitikisa: likicheza, ni beringi au boljointi. Shika kushoto na kulia: likicheza, ni tairodi, fimbo ya usukani. Zetu zilikuwa nzima. Breki ndizo zilizohitaji kazi, kwani kanyagio lilikuwa limelegea baada ya mteremko mrefu. Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230, lakini hunyonya unyevu wa hewa, na yakishanyonya yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 155. Mvuke hubanwa, mafuta hayabanwi. Ndiyo maana kanyagio linazama. Tulitoa hewa kwenye mabomba ya breki tukianza na gurudumu lililo mbali zaidi, tukajaza mafuta ya chupa iliyofunguliwa hapohapo, na upepo wa tairi tukaupandisha hadi PSI 28.

Mikondo miwili ya mwisho tuliipita kwa mwendo tulioumudu, bila kukata kona hata moja yenye alama. Kwenye kituo cha mwisho tulifika mapema, tukasubiri kabla ya kibao cha njano injini ikiwa imezimwa, gari likiwa kwenye gia badala ya handibreki ili breki za moto zisigandamane. Kisha tukasogea. Mwelekezi alisimama mezani na kadi mkononi mpaka saa iliposoma 10:47, ndipo akaikabidhi.