Chama chetu kilivyofika Lushoto, na vile saa kumi na mbili ilitumaliza

Nianze na shemeji yangu, yeye ndio alinitia hasira mpaka nikaandika hii. Huyu jamaa amefika Arusha mara moja tu, alienda harusi, na tangu hio siku ukitaja Tanzania yeye ndio balozi. Sisi ni wamama watano wa chama hapa Donholm, tukakubaliana mwaka huu hakuna kununuliana sufuria, pesa ya mzunguko tuende nayo mahali kuna milima, tena si Naivasha, Naivasha tumeenda mpaka viboko wanatujua. Nikataja Lushoto, kule Tanzania. Shemeji akacheka kwanza. Halafu akatuambia tukodishe gari na dereva, akapiga hesabu hapo hapo kwa simu ikakaribia laki, na ati tusijali kulala njiani kwa sababu ukitoka Nairobi alfajiri jioni uko Lushoto unakunywa chai.

Nilikaa na ramani usiku mmoja tu nikaona hapo kuna shida. Lushoto iko juu kwa Milima ya Usambara, sio mji unapitia ukienda kwingine. Lami inaachana na barabara kuu ya Moshi kwenda Dar pale Mombo, halafu unapanda kona tupu kilomita kama 33. Kwa hivyo usijiulize utatokaje Nairobi, jiulize utakuwa Mombo saa ngapi, maana giza likikukuta hapo chini sijui utapandaje. Mimi nilipanga safari yote kutoka nyuma kuja mbele: tuwe Mombo mchana, basi tulale Moshi, basi tutoke Nairobi na shato (basi dogo) ya asubuhi. Kwisha. Hio ndio akili yote niliyotumia na bado naringa nayo.

Mambo ya pasipoti na ile permit ya muda mtajipanga wenyewe, ila kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, msingoje wiki ya mwisho kama mwenzetu mmoja, hio chanjo inaanza kuhesabika baada ya siku 10. Namanga pale mpakani siku hizi ni jengo moja, unagongewa upande wa Kenya na wa Tanzania hapo hapo, tulimaliza haraka kuliko foleni ya supamaketi mwisho wa mwezi. Kitu ilituuma ni wale vijana wa kubadilisha pesa nje. Shilingi yetu moja ilikuwa inabadilishwa kwa kumi na nane na kitu za kwao, sasa ukipewa hilo bunda unajiona tajiri, husikii hata haja ya kuhesabu. Mweka hazina wetu, mweka hazina jamani, hakuhesabu. Zile noti zilikuwa zimekunjwa katikati, kila moja inahesabika mara mbili. Tulikuja kujua Arusha.

Moshi tukafika jioni, tukaenda stendi kukata tiketi za kesho. Na hapa ndio nataka mnisikilize. Tiketi imeandikwa kwa kalamu, Moshi hadi Mombo, na mahali pa muda imeandikwa 12:00. Basi. Sisi tukaona ni saa sita mchana, kwa sababu Nairobi tiketi yoyote ukipewa imeandikwa kizungu, 12:00 ni saa sita, hakuna mtu anauliza. Tukafurahi hata, tukasema kesho ni kulala. Asubuhi tukaoga polepole, tukaenda kutafuta chai, tukapiga picha na Kilimanjaro ambayo ilikuwa imejifunika shuka yote haionekani, na saa tano na nusu tukaingia stendi na mabegi yetu tukijisifu tumewahi nusu saa.

Yule kijana wa tiketi akaangalia karatasi, akatuangalia, akaangalia karatasi tena.

"Dada zangu, hii si ya saa kumi na mbili?"

Nikamwambia ndio, kumi na mbili, si ndio hio inakuja.

"Saa kumi na mbili asubuhi, dada. Hilo basi saa hizi limeshapita Korogwe."

Mimi! Mtu ambaye nimesema saa moja, saa mbili kwa Kiswahili tangu nizaliwe! Ile tu kuona saa imeandikwa kwa karatasi, akili yangu ikahamia kwa kizungu yenyewe. Mwenzetu mmoja akaanza kufoka ile ya Nairobi, "lete meneja", na yule kijana akanyamaza tu, hajibu. Mkubwa wetu ndio akamtoa hapo, akaanza upya kabisa kama ndio tumefika, habari za kazi, poleni na mizunguko, "naomba utusaidie mdogo wangu, sisi ni wageni." Naomba ni neno kubwa huko, wacha nikwambie. Sisi husema nipatie, leta, na hatuna ubaya, lakini kwao hio ni kama umemrushia mtu kiatu. Tukaongeza kidogo tu, tukapangwa kwa basi lingine la kwenda Tanga, viti vya nyuma kabisa.

Sasa unaona faida ya kupanga kutoka nyuma? Nilikuwa nimeweka mchana mzima wa akiba. Tuliingia Mombo kwa kumi na moja jioni, jua bado liko, joto kama jiko, na mapajani tumebeba majaketi mazito. Ndio, hayo pia ni ya shemeji, ati Lushoto ni Ulaya. Kumbe Nairobi yenyewe iko juu zaidi, sisi tuko karibu mita 1,700 na Lushoto ni kama 1,400. Kosta ilikuwa karibu kujaa, tukasongamana na mama mmoja mwenye kuku wawili. Kupanda ni kona, honi, kona, honi, upande mmoja mwamba na upande mwingine hakuna kitu. Mkubwa wetu alifunga macho mpaka Soni, akafungua akaona maporomoko, akafunga tena.

Gesti tulipata nzuri tu, siwaambii ipi kwa sababu walitupunguzia bei wakasema tusitangaze. Usiku sweta moja ilitosha, na ilikuwa mwezi wa saba.

Asubuhi nikaomba chai. Ikaja nyeusi. Nikasema mimi sikuitisha strungi. Dada wa mezani akaganda, strungi ni nini? Kule ukisema chai tu unaletewa ya rangi, hii yetu lazima useme chai ya maziwa, na ukitaja strungi umejitangaza umetoka wapi.

Tukatembea mpaka Irente, pale ukingoni mwa mlima, kwa miguu, saa moja na zaidi, na njia yote watoto wanatuamkia shikamoo. Mara ya kwanza niligeuka nyuma kuona ni nani mzee anaamkiwa. Nina miaka 34. Nairobi mtoto akikusalimia ni "sasa aunty" na mkono mfukoni. Kufika ukingoni, ukungu mtupu, tungekuwa tumesimama mbele ya ukuta wa choo hakuna tofauti. Wawili wakataka kurudi. Tukakaa kwa jiwe, tukafungua mkate mweusi mzito na jibini tulizonunua pale shamba la Irente, na kwa nne hivi ukungu ukaanza kupasuka chini, sio juu, chini. Kwanza likatokea paa moja la bati liking'aa mbali sana, halafu barabara nyembamba kama uzi, halafu nyika yote mpaka macho yanaisha. Hapo hakuna mtu aliongea, na sisi ni watu wa kuongea.

Yote kwa jumla ilikuwa kama elfu kumi na tano za Kenya kila mtu, labda kumi na saba ukihesabu vitenge na zile pesa za Namanga. Kurudi tulikata tiketi ya saa kumi na mbili, na saa kumi usiku tulikuwa tumekaa juu ya mabegi hapo stendi watano wote, hata mlinzi akatuuliza kama tumefiwa.

Shemeji ameuliza jana kama tunaweza kumpangia na yeye. Mweka hazina amemwambia mambo ya kubadilisha pesa amwachie.